Namna ya Kuwaanzishia Wazungumzaji wa Kijapani Mchezo wa Njozi wa Mezani

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Mwanza ambaye tayari anacheza mchezo wa njozi wa mezani na wenzake, na sasa anataka kuwakaribisha wageni wanaozungumza Kijapani, wawe walimu wa kujitolea, watafiti wa samaki, wahandisi au wanafunzi. Mchezo wenyewe hauhitaji utangulizi mrefu. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja, ambaye hapa tutamwita mwongozaji, husimulia mazingira na kuwaigiza maadui na wapita njia, na kila mmoja wa waliobaki humwigiza mhusika wake na kusema anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafanikiwa, dadu hurushwa. Linalohitaji maelezo ni jinsi ya kumkaribisha mtu ambaye huenda anaujua mchezo huu kukuzidi, ila kwa sura nyingine.

Mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na toleo la Kijapani likafuata mwaka 1985. Mwaka uliofuata jarida la Comptiq lilianza kuchapisha kumbukumbu za mchezo uliochezwa kweli, kuanzia maneno ya wachezaji hadi utani wao na matokeo ya dadu, zilizotayarishwa na kikundi cha Group SNE. Ndipo ilipozaliwa hadithi ya kisiwa cha Lodoss, ambayo baadaye iligeuka riwaya na katuni. Mwaka 1989 watu hao hao walitoa Sword World, mchezo uliochapishwa katika vitabu vidogo vya mfukoni na unaotumia dadu za pande sita pekee. Zaidi ya hayo, Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliotoka Marekani mwaka 1981, umepata wapenzi wengi sana Japani.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga lolote, muulize mgeni wako amewahi kucheza nini, na uutaje mchezo kwa herufi TRPG, yaani mchezo wa kuigiza wahusika (RPG) unaochezwa kwa mazungumzo mezani, kwa kuwa ukisema RPG pekee atafikiria michezo ya kompyuta kama Dragon Quest. Majibu yatakuonyesha pa kuanzia. Aliyezoea kompyuta husubiri kuonyeshwa orodha ya mambo anayoweza kufanya, hivyo katika nusu saa ya kwanza mpe njia tatu zilizo wazi, kisha umwambie kwamba ya nne ni yoyote atakayoibuni mwenyewe. Aliyesoma kumbukumbu za michezo bila kucheza anajua mambo mengi, lakini hajawahi kufungua kinywa mezani. Huyo msogeze taratibu. Aliyezoea Call of Cthulhu ana tatizo dogo linaloleta kicheko: katika mchezo ule namba ndogo ndiyo nzuri, kwa sababu mchezaji hurusha dadu za kutoa namba ya 1 hadi 100 na kutakiwa asivuke kiwango cha ujuzi wake, ilhali katika Dungeons & Dragons namba kubwa ndiyo inayotafutwa. Liseme hilo mapema, la sivyo atashangilia akipata mbili.

Kuhusu kanuni, sioni sababu ya mtu kukesha akitafsiri kitabu kizima. Vitabu vya Kijapani vipo, na mgeni akinogewa atavitafuta na kuvisoma kwa lugha yake. Kwa siku ya kwanza napendekeza dadu mbili za pande sita, ambazo hupatikana popote inapouzwa ludo, kuliko kuhangaika kutafuta dadu ya pande ishirini ya Dungeons & Dragons. Mchezaji anarusha zote mbili, anajumlisha, anaongeza namba ya ujuzi wa mhusika wake, kisha analinganisha na lengo alilotaja mwongozaji: 7 kwa jambo jepesi, 9 kwa gumu, 11 kwa gumu sana. Akilifikia au kulizidi, amefanikiwa. Mwenye ujuzi wa 2 akikabili lengo la 9 atafanikiwa mara 21 katika kila 36, yaani zaidi kidogo ya nusu, na kiasi hicho kinatosha kumtia mtu wasiwasi bila kumkatisha tamaa. Azima pia desturi nzuri ya Sword World ya siku hizi: dadu zote mbili zikionyesha sita ni ushindi moja kwa moja, zote mbili zikionyesha moja ni kushindwa moja kwa moja, lakini aliyeshindwa hivyo hupewa alama 50 za uzoefu, zile ambazo mhusika hukusanya ili aimarike. Fidia hiyo humfanya mgeni asione aibu mkosi ukimwangukia mbele ya watu.

Badala ya hotuba kuhusu kanuni, andaa ukurasa mmoja wa kumbukumbu ya mchezo, uwape wageni wausome siku moja kabla. Namna hii ya kujifunza Wajapani wengi wanaopenda michezo hii wanaifahamu, na inafundisha mwendo wa mazungumzo kuliko maelezo yoyote. Mfano wake ni huu:

Mwongozaji: Mtumbwi umefika kwenye majabali. Sauti ya mtoto inatoka nyuma ya jiwe kubwa, lakini nyayo zilizoko mchangani ni za kitu kikubwa kuliko kiboko. Neema, unafanya nini?
Neema: Nanyata mpaka kwenye jiwe, nachungulia.
Mwongozaji: Lengo ni 9. Ujuzi wako wa kunyata ni 2.
Neema: Nne na mbili, sita. Jumlisha mbili, nane. Jamani!
Mwongozaji: Jiwe dogo linateleza na kutumbukia majini. Sauti ya mtoto inakatika, kisha inaanza kuliita jina lako.
Kulwa: Mimi nageuza mtumbwi.
Neema: Kulwa, usithubutu!

Katika mistari hiyo michache msomaji anaona kwamba mwongozaji humwita mchezaji kwa jina, kwamba lengo hutajwa kabla ya dadu kurushwa, na kwamba kushindwa hakusimamishi kisa bali hukigeuza. Kama Kijapani chako hakitoshi, uandike kwa Kiswahili chepesi na umwombe mmoja wa wageni akusaidie kuutafsiri. Atakapomaliza atakuwa ameshaelewa mchezo na ataweza kuwaeleza wenzake.

Wahusika waandaliwe kabla, sita kwa wachezaji wanne, ili kila mtu achague. Majina yao yaandikwe kwa katakana, maandishi ya Kijapani yanayotumika kwa majina ya kigeni, na hapa pana jambo la kuangalia: maandishi hayo hayatofautishi l na r, kwa hiyo Sala na Sara watakuwa mtu mmoja kwenye karatasi. Jina linaloanza na ng' litawasumbua pia, ingawa wengine hufurahia kulijaribu. Kisha mwombe kila mchezaji aamue mhusika wake atajitaja vipi kwa Kijapani, kwa kuwa lugha hiyo ina namna kadhaa za kusema “mimi”, na kati ya “ore” ya kijana mkakamavu, “boku” ya kijana mpole na “washi” ya mzee wa hadithini, tabia nzima hujitokeza bila maelezo. Anayecheza kwa Kiswahili aamue mhusika wake anamwamkia nani shikamoo na nani anamjibu marahaba. Hili huchukua dakika tano, na mara nyingi ndilo linalowafungua watu midomo.

Kisa kitoke hapa hapa ziwani. Ngome za Ulaya na mazimwi yake mgeni ameshakutana nayo mara nyingi, lakini jitu la Kisukuma liitwalo Shing'weng'we hajaliona. Hadithi ya Kisukuma ya Masala Kulangwa inafaa sana: jitu hilo limemeza watu wote na mifugo yao, amebaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, na mwanawe, Masala, akikua anauliza watu wako wapi, anawinda viumbe vidogo akidhani ndiye adui, hadi anapolifikia jitu lenyewe, kuliua na kulipasua, wakatoka wote. Mjapani atamkumbuka Momotaro, mvulana aliyekwenda kisiwa cha mashetani pamoja na mbwa, nyani na ndege, na papo hapo ataelewa kwa nini wahusika wanne wanasafiri pamoja. Usianzie mwanzo wa hadithi. Anza Masala akiwa ameshajeruhiwa na wachezaji ndio wenzake waliobaki, halafu uweke pango la jitu kwenye kisiwa kisicho na jina upande wa Ukerewe.

Kabla ya kuingiza dhoruba, hata hivyo, uliza. Mwanza hakuna asiyejua habari za MV Bukoba ya Mei 1996 au MV Nyerere ya Septemba 2018, na mtu wa kando yako anaweza kuwa alizika ndugu. Mgeni naye anaweza kuwa ametoka pwani iliyopigwa na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Gawa vikaratasi, kila mmoja aandike bila jina jambo asilotaka litokee mezani. Njia ya siri ni bora kuliko kuuliza kwa sauti, maana mgeni mwenye staha atajibu kwamba hakuna shida hata kama ipo. Kuzama majini kukitajwa, lifute kabisa. Jitu linaweza kuishi nchi kavu.

Siku yenyewe, kama mnakaa nje karibu na maji, kumbukeni kwamba mchana upepo wa ziwa huvuma na kupeperusha karatasi, hivyo kokoto nne kwa kila mchezaji ni vifaa vya mchezo sawa na dadu. Dadu zirushwe ndani ya sinia. Karanga zinafaa, samaki wa kukaanga asubiri, kwa sababu karatasi yenye mafuta haiandikiki. Mgeni akinyamaza usimrukie wala usimjibie: mwite mhusika wake kwa jina, rudia hali ilivyo kwa sentensi moja, kisha umsubiri. Zungukeni meza kwa zamu katika saa yote ya kwanza, hata nje ya mapigano, na mchezaji mwenye maneno mengi apewe kazi ya kuchora ramani.

Simamisheni mchezo kabla hamjatimiza muda wa saa tatu mkicheza, kisa kiwe kimekwisha au la. Gawa alama za uzoefu papo hapo, kila mtu aandike zake, na karatasi za wahusika zibaki kwa mwongozaji, isipokuwa kwa mgeni atakayeomba kwenda na yake ili aandike kumbukumbu ya kilichotokea. Huyo mpe pia yako.