Namna ya Kutafuta na Kusoma Takwimu za Misitu na Maliasili za Finland

Finland ni nchi yenye watu wapatao milioni 5.6 tu, lakini imekuwa ikipima misitu yake kitaifa kwa zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya matokeo hayo inapatikana mtandaoni bila malipo. Kwa mwanafunzi wa misitu, mwandishi wa habari za mazingira au mtafiti wa kilimo anayetafuta nchi ya kulinganisha na ya kwake, kupata tarakimu si kazi ngumu. Ugumu unaanza pale anapouliza swali jepesi, kwa mfano ukubwa wa misitu ya Finland, akajibiwa tarakimu tatu tofauti na zote zikawa sahihi. Mwongozo huu unaeleza mahali pa kuanzia na mambo ya kukagua kabla tarakimu yoyote haijaingia kwenye tasnifu au makala.

Mlango wa kwanza ni taasisi ya taifa ya utafiti wa maliasili, Luonnonvarakeskus, ambayo kwa kawaida huitwa Luke. Ilianza kazi tarehe 1 Januari 2015 kwa kuunganisha taasisi ya utafiti wa kilimo na chakula (MTT), taasisi ya utafiti wa misitu (Metla), taasisi ya utafiti wa wanyamapori na uvuvi (RKTL) na kitengo cha takwimu kilichokuwa chini ya Tike, kituo cha taarifa cha wizara ya kilimo na misitu. Historia hii ina faida ya moja kwa moja kwa mtafutaji: ripoti ya misitu ya mwaka 2008 ina jina la Metla, na jaribio la shayiri la mwaka 2005 lina jina la MTT, kwa hiyo anayetafuta kwa jina la Luke peke yake atakosa kazi nyingi nzuri. Machapisho yote hayo hutafutwa katika hazina ya kidijiti iitwayo Jukuri. Takwimu zenyewe zimo katika kanzidata ya Luke, ambayo ina sura ya Kifini, ya Kiswidi na ya Kiingereza.

Katika kanzidata, chagua kwanza mada, kisha jedwali, kisha mwaka, eneo na kipimo, ndipo upakue faili. Kabla ya kupakua, soma maelezo yaliyo chini ya jedwali hadi mwisho. Wengi huyaruka, nami naona hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa sababu humo mna ufafanuzi wa kipimo, mabadiliko ya mbinu na tarehe ya marekebisho ya mwisho. Andika pia tarehe uliyopakua jedwali, kwa kuwa takwimu za miaka iliyopita hurekebishwa.

Sasa tuje kwenye lile swali la ukubwa. Wafini hugawa ardhi ya misitu kwa uwezo wake wa kuotesha miti. Metsämaa ni ardhi inayoweza kutoa, kwa wastani, angalau mita moja ya ujazo ya mti kwa hekta kwa mwaka. Kitumaa hutoa chini ya hapo lakini si chini ya 0.1, na joutomaa, ambayo aghalabu ni vinamasi vya wazi na miamba, haifikii hata 0.1. Metsämaa ina takriban hekta milioni 20, ilhali madaraja yote matatu kwa pamoja, yakijumlishwa na barabara na maghala ya misitu, yanafikia takriban hekta milioni 26. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, halitazami uwezo wa ardhi bali miti: eneo linalozidi nusu hekta, miti inayoweza kufika urefu wa mita 5, na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Kwa kipimo hicho Finland ina takriban hekta milioni 22.4. Mwandishi anayechukua tarakimu ya metsämaa akaiweka kando ya tarakimu ya nchi nyingine iliyopimwa kwa kigezo cha FAO amelinganisha vitu viwili tofauti, hata kama hesabu yake ya asilimia haina kasoro.

Ulinganisho na Tanzania unafaa kutajwa hapa, kwa sababu uhusiano wa kitaalamu upo kweli. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ya Tanzania, NAFORMA, ilifadhiliwa na Finland na kutekelezwa kwa ushirikiano na FAO, na wataalamu wa Metla walishiriki kubuni mpango wake wa sampuli. Hekta milioni 48.1 za misitu zilizotangazwa na NAFORMA kwa sehemu kubwa ni mapori ya miombo. Ziwekwe kando ya milioni 22.4 za Finland, wala si kando ya metsämaa, na msomaji aelezwe kwamba miombo na msitu wa misonobari wa kaskazini havikui kwa kasi wala kwa namna moja.

Jambo la pili la kukagua ni mwaka. Tathmini ya kwanza ya taifa ilifanyika kati ya 1921 na 1924 chini ya mtafiti wa misitu Yrjö Ilvessalo, kwa kutembea mistari iliyonyooka kukatiza nchi na kupima miti njiani. Siku hizi hupimwa viwanja vidogo vya sampuli, na tangu tathmini ya kumi, iliyoanza mwaka 2004, vikosi hupima sehemu ya viwanja vya nchi nzima kila mwaka hadi mzunguko wa miaka mitano ukamilike. Kwa hiyo tarakimu ya tathmini ya kumi na mbili ni ya 2014 hadi 2018, na ya kumi na tatu ni ya 2019 hadi 2023. Taja kipindi chote badala ya kuchagua mwaka mmoja kana kwamba nchi ilipimwa siku hiyo. Matokeo haya ni makadirio ya sampuli. Yana kosa dogo kwa nchi nzima, kubwa zaidi kwa mkoa, na kwa wilaya ndogo yanaweza yasitoshe kabisa kujengea hoja. Usiombe pia mahali halisi pa viwanja vya kudumu. Huhifadhiwa kwa siri, kwani mwenye msitu akijua kiwanja kilipo anaweza kukitunza tofauti na msitu wake mwingine, na sampuli ikaharibika.

Anayehitaji takwimu za eneo dogo atumie ramani zinazounganisha vipimo vya ardhini na picha za setilaiti, mbinu iliyojengwa na mtafiti wa Metla Erkki Tomppo na wenzake na kuanza kutumika mwaka 1990. Ramani hizo zina pikseli za mita 16 kwa 16 na hutumia mfumo wa kuratibu wa taifa, EPSG:3067, ambao lazima uuweke sawasawa katika programu yako ya ramani kabla ya kuongeza tabaka jingine. Zina tabia moja ya kuangaliwa: msitu mzito huonekana mwepesi kuliko ulivyo, na mwepesi huonekana mzito, kwa sababu kila pikseli hupewa wastani wa viwanja vinavyofanana nayo. Jumlisha pikseli nyingi, usisome moja. Kwa taarifa za kina za misitu ya watu binafsi, Metsäkeskus, yaani kituo cha misitu cha Finland, ilifungua data zake mwaka 2018 bila majina ya wamiliki, na data za skana ya leza hutolewa na Maanmittauslaitos, mamlaka ya upimaji wa ardhi.

Ujazo wa miti nao una mitego yake. Ujazo wa miti iliyosimama, takriban mita za ujazo bilioni 2.5, ni wa shina pamoja na gome. Takwimu za ukataji za Finland pia huhesabu gome, ilhali FAO huripoti magogo bila gome, na tofauti hiyo pekee inaweza kukuonyesha upungufu usiokuwepo. Halafu kuna maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara: hakkuukertymä ni magogo yaliyotolewa msituni kwa matumizi, na poistuma huongeza mabaki ya shina yaliyoachwa baada ya ukataji pamoja na miti iliyokufa yenyewe. Ukitaka kujua kama msitu unakatwa kupita ukuaji wake, ongezeko la mwaka, ambalo katika tathmini ya karibuni ni takriban mita za ujazo milioni 103, lipimwe dhidi ya poistuma. Kulipima dhidi ya hakkuukertymä hufanya hali ionekane nzuri kuliko ilivyo, na siamini kwamba kila anayefanya hivyo amepitiwa.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika katika hesabu za gesijoto. Desemba 2022 ilitangazwa kwamba mwaka 2021 sekta ya matumizi ya ardhi ya Finland ilitoa hewa chafu zaidi ya ilivyonyonya, jambo lililotokana na ukataji, ukuaji uliopungua na hewa inayotoka katika ardhi ya peti (udongo wa vinamasi uliojaa mabaki ya mimea) iliyochimbwa mifereji. Kila toleo la hesabu hizi hukokotoa upya mfululizo wote tangu 1990. Mwaka 2015 wa toleo la zamani na mwaka 2021 wa toleo jipya haviwezi kuwekwa kwenye grafu moja. Chukua toleo moja, zima, na utaje ni la mwaka gani.

Wanyamapori wana utaratibu wao. Ndege wa msituni wa jamii ya kwale huhesabiwa kila Agosti na wawindaji wa kujitolea, watu watatu sambamba, wakizunguka pembetatu yenye kila upande wa kilomita 4. Ni utaratibu mzuri na wa bei nafuu, lakini hutoa msongamano wa ndege kwa kilomita ya mraba ya msitu, kwa hiyo usiuzidishe kwa eneo la nchi nzima lenye mashamba na maziwa.

Data nyingi za Luke zina leseni inayoruhusu matumizi hata ya kibiashara, mradi chanzo kitajwe. Chini ya kila jedwali andika jina la taasisi, jina la jedwali au tathmini, kipindi cha upimaji, daraja la ardhi, kama gome limehesabiwa, na tarehe uliyopakua. Majina ya madaraja yaachwe kwa Kifini, na maana yake ielezwe mara moja mwanzoni mwa kazi.