Shusha taa ya nyuma ya runinga, acha mwangaza wa picha

Kwenye runinga za LCD, zikiwemo hizi zinazouzwa kwa jina la LED, umeme mwingi unaliwa na taa zilizo nyuma ya kioo. Kioo chenyewe hakitoi mwanga, kinauzuia tu. Ndiyo maana kwenye seti za kawaida picha nyeusi tii inakula karibu sawa na nyeupe. Kwa hiyo, ukitaka kuokoa umeme, usihangaike na "Brightness" (mwangaza wa picha). Kwenye seti nyingi hiyo hufifisha picha huku taa zikiwaka vilevile, na sehemu za giza zinazama hadi huoni kitu.

Ingia mipangilio ya picha, toka kwanza kwenye "Vivid" au "Dynamic", weka "Standard", kisha shusha "Backlight" (taa za nyuma) kutoka 100 hadi 50 hivi. Usiku hata 30 inatosha. Anayetumia sola ataona wati zikishuka kwenye inverta papo hapo. Tena taa hizo za nyuma, ambazo ni LED, huuawa na joto, na mkondo mdogo wa umeme unazipunguzia joto hilo. Hilo peke yake linatosha kukushawishi.

Simu ya OLED ni habari nyingine: kila nukta hujiwakia yenyewe, na nyeusi maana yake imezimwa. Huko mandhari nyeusi inaokoa chaji kweli.