Una babu aliestaafu vikosi? Fanya hivi

Yakhe, kama una mzee alietumikia vikosi vya Zanzibar, yaani KMKM (kile cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) au Valantia, basi usimwache ahangaike peke yake baina ya hospitali na ofisi ya ustawi, maana huku hawajui kule kumeandikwa nini. Kwanza tafuta faili moja tu, tia kopi za ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari), barua ya kustaafu, kadi ya hospitali na vyeti vya dawa. Halafu angalia tarehe ya kuzaliwa, hapa ndo watu wengi wanakwama, wazee wetu wengi walikisiwa umri, kitambulisho kinasema hivi barua inasema vile, rekebisha mapema kabla hujapanga foleni. Kisha nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, yeye ndo anomjua mzee.

Akishafika miaka 70 muulizie pencheni jamii, ile ya serikali ya Zanzibar kwa wazee wote, ilianza Aprili 2016 kwa elfu 20 kwa mwezi, baadae ikapanda elfu 50, na hata mwenye kiinua mgongo chake anapata, usidanganywe. Kama hawezi kutembea, mwambie daktari aandike, ile karatasi mpelekee afisa ustawi wa wilaya mkononi, usingoje waitumiane wenyewe, utakesha!