Projekti ya taipografia kwa karatasi moja ya A3: kanuni sita, herufi tupu

Wanafunzi wa ubunifu wa michoro hapa Arusha hunijia na kazi ileile kila muhula: "Onyesha kanuni za msingi za ubunifu kwa kutumia taipografia," yaani sanaa ya kupanga herufi. Wengi huwa wameshaanza, na wameanza kwa namna moja. Neno USAWA limeandikwa kwa herufi kubwa, likapewa kivuli na rangi ya dhahabu, halafu pembeni kuna picha ya mizani. Mwalimu ataiona hiyo mizani. Usawa hatauona, maana haupo.

Kazi hii ina sharti moja la maana: kanuni ionekane kabla neno halijasomwa. Mtalii anayekatiza pale Mnara wa Saa, asiyejua hata "jambo", akiitazama karatasi yako aone kwamba hapa vitu vimebanana, hapa vimepangwa, hapa kimoja kinapiga kelele na kingine kinanong'ona. Ukilifikia hilo, umemaliza. Hatua zinazofuata ndizo ninazowapitisha wanafunzi wangu wa fildi, na programu ninayotumia ni Inkscape, ya kuchorea, kwa sababu ni ya bure na haihitaji kompyuta ya bei mbaya.

Hatua ya 1: Kusanya maneno kwanza

Usitumie majina ya kanuni kama maneno ya projekti. Ukiandika "UTOFAUTI" ndani ya mraba wa utofauti, neno linafanya kazi ambayo umbo lilipaswa kuifanya, nawe hutajua kama umbo lako lina nguvu au halina.

Chagua mahali pamoja penye lugha yake. Mimi napenda stendi ya vifodi, yale magari madogo ya abiria. Kaa pale nusu saa na daftari, andika unachosikia: Twende. Shusha. Siti moja. Songa nyuma. Chenji. Majina ya maeneo: Sakina, Kijenge, Tengeru, Njiro, Ngaramtoni. Maneno ya konda ni mafupi, na mengi yana kitendo ndani yake, kwa hiyo herufi zinapata kitu cha kufanya. Soko la Kilombero linafaa vilevile, na hata majina ya kanga, ingawa ya kanga ni marefu na yatakusumbua kwenye mraba mdogo.

Ukirudi nyumbani usifungue kompyuta. Chora kwa penseli viboksi vya ukubwa wa kiberiti, angalau vinne kwa kila kanuni, na ndani yake weka maneno kama mabaka meusi tu. Chalii anayeruka hatua hii huishia kuhamishahamisha neno kwenye skrini hadi usiku wa manane akidhani anabuni.

Hatua ya 2: Karatasi na gridi

Fungua ukurasa wa A3 uliosimama, yaani milimita 297 kwa 420 (Shift+Ctrl+D ndiyo inayofungua mipangilio ya ukurasa). Utaweka miraba sita, miwili kwa mitatu, kila mmoja milimita 120, na nafasi ya milimita 10 kati yao. Ukipiga hesabu, upana unakuwa 250 na urefu 380. Pambizo za kushoto na kulia zitakuwa 23.5 kila upande. Zile 40 zinazobaki kwa urefu usizigawe sawa: weka 15 juu na 25 chini, chini ndiko litakakokaa jina lako na maelezo mafupi.

Vuta mistari ya mwongozo kutoka kwenye rula za pembeni hadi kila mraba upate ukingo wake. Usichore fremu za miraba. Kama maudhui yamepangwa vizuri, jicho litaiona miraba lenyewe.

Hatua ya 3: Fonti moja, rangi moja

Hapa ndipo ubishi huanza. Fonti moja? Ndiyo. Chukua familia moja yenye uzito mwingi. Work Sans, kwa mfano, iko bure kwenye Google Fonts na ina uzito tisa, kuanzia ule mwembamba kama uzi hadi ule mnene kabisa. Utatumia miwili tu: mwembamba na mnene. Ile ya katikati iache.

Rangi ni nyeusi juu ya nyeupe. Rangi nyekundu inaweza kuleta msisitizo peke yake bila wewe kufanya lolote, na mwalimu makini atakuuliza: ukiitoa, kinabaki nini?

Ukiulizwa kwa nini hukutumia fonti ya mapambo, una jibu la heshima. Mwaka 1957 huko Ulaya zilitoka fonti mbili, Helvetica na Univers, na wabunifu wa Uswisi walijenga juu ya fonti za namna hiyo mtindo mzima wa mabango: fonti isiyo na mapambo, gridi kali, nafasi tupu ya kutosha. Univers ya Adrian Frutiger ilipangwa tangu mwanzo kuwa familia moja yenye uzito na upana mbalimbali, kusudi mbunifu apate sauti nyingi bila kuhama nyumba.

Hatua ya 4: Miraba sita

Anza na utofauti, kwa sababu ndio unaokosewa zaidi. Andika "Twende" kwa uzito mnene, pointi 72 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi). Chini yake andika "tunajaza" kwa uzito mwembamba, pointi 12. Ndiyo, 12. Mwanafunzi mwoga huweka 72 na 60, matokeo yake yanaonekana kama bahati mbaya ya kompyuta. Utofauti ukiamua kuuweka, uwe wa wazi mpaka mtu asiulize kama ulikusudia. Na maana inakuja yenyewe: konda anapaza sauti twende, gari halijasogea.

Ukaribu. Andika "songa nyuma" kwa herufi ndogo, zote nene, uzibane hadi zigusane, na uzisukumie kona moja ya mraba. Kisha chukua herufi moja ya mwisho, ile "a", uiache mlangoni, mbali na wenzake. Jicho litahesabu makundi mawili papo hapo: waliomo na aliyebaki. Mambo haya hayakuanza na sisi wabunifu. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliyaeleza huko Ujerumani mwaka 1923, kwa nukta tupu zilizopangwa karatasini: vilivyo karibu huonekana kuwa vya kundi moja, hata kama havina uhusiano. Kwenye kadi ya harusi ndiyo sababu namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati ikikaa karibu na jina la ukumbi, watu hupiga wakidhani ni ya ukumbi.

Mpangilio. Orodhesha majina matano ya maeneo, kila moja mstari wake, kwa saizi tofauti, yote yaanzie ukingo mmoja wa kushoto. Njiro kubwa, Sakina ndogo, Tengeru ya kati, na kadhalika. Sasa tazama kwa makini, maana kompyuta itakudanganya. Kila herufi ina nafasi kidogo isiyoonekana ubavuni mwake, na nafasi hiyo inakua pamoja na saizi. Kwa hiyo "Njiro" ya pointi 70 itaonekana imeingia ndani kuliko "Sakina" ya pointi 14, ingawa rula inasema ziko sawa. Badilisha maneno yawe maumbo (Shift+Ctrl+C), kisha yapange kwa kingo za maumbo yenyewe (Shift+Ctrl+A). Bado hujamaliza. N na K zina mguu ulionyooka, zinagusa ukingo barabara. S ina mgongo wa mviringo na T ina mkono mwembamba juu na chini yake hakuna kitu, kwa hiyo zisogeze kidogo sana nje ya mstari, upande wa kushoto, hadi jicho likubali. Jicho ndilo hakimu hapa. Rula ni shahidi tu. Kumbuka kuhifadhi nakala yenye maandishi ya kawaida kabla ya kubadilisha, kwani ukishayafanya maumbo huwezi kusahihisha tahajia.

Marudio ni mepesi. "Sakina Sakina Sakina", kama linavyoitwa, mistari minane, uzito mmoja, nafasi sawa, kutoka ukingo hadi ukingo. Utashawishika kubadilisha mstari mmoja ili "upendeze". Ukiubadilisha, macho yote yataenda pale, na mraba utakuwa umegeuka kuwa wa msisitizo. Ni kanuni nzuri, ila si ya mraba huu.

Usawa. Wengi hudhani usawa ni kuweka kitu katikati. Katikati ni usawa wa uvivu. Weka "Nauli" kubwa, nene, chini kidogo upande wa kushoto lakini isiende mbali na katikati. Halafu weka "chenji" ndogo, nyembamba, juu kabisa kulia, karibu na kona. Kizito kikikaa karibu na kitovu na chepesi kikaenda mbali, vinalingana. Sogeza "chenji" milimita tano tano, kila mara ukiegemea nyuma kutazama, mpaka uhisi mraba umeacha kuanguka. (Kwamba chenji iko mbali namna hiyo, abiria wa Arusha hahitaji kuelezwa.)

Mraba wa mwisho, nafasi tupu: "siti moja", pointi 11, nyembamba, kwenye kona ya chini. Basi. Hakuna kingine. Rafiki zako watakuambia hujamaliza. Waache.

Hatua ya 5: Nafasi kati ya herufi

Kwenye maneno makubwa usiamini nafasi ambazo programu imekupa. Kwenye "Twende", kati ya T na w kunaweza kubaki pengo, kwa sababu mkono wa T unaning'inia juu ya hewa. Weka kishale cha maandishi kati ya herufi hizo mbili, shika Alt na ubonyeze mshale wa kushoto mara kadhaa. Kwa herufi kubwa tupu shida huzidi, na Kiswahili kimejaa W na A zinazofuatana: WATU, KWA, WAKAWA. Zikague zote. Njia ninayoipenda ni kugeuza karatasi juu chini. Ubongo ukishindwa kusoma neno, unaona mapengo.

Kama neno lako lina ng', sema ng'ombe wa mnadani, kuna kazi mbili. Ukiandika kwenye Inkscape, kibodi hukupa alama iliyosimama wima kama kijiti. Inayotakiwa kwenye uchapaji mzuri ni ile yenye kichwa na mkia, kama tarakimu 9 ndogo. Ukiwa ndani ya maandishi bonyeza Ctrl+U, andika 2019, kisha Enter. Halafu punguza nafasi baada yake, vinginevyo neno linavunjika vipande viwili, "ng" peke yake na "ombe" peke yake. Mabango mengi ya bucha mjini yana kasoro hii, na ukishaijua hutaacha kuiona.

Hatua ya 6: Jaribio

Chapisha rasimu kwenye A4 ya kawaida, bandika ukutani, rudi nyuma hatua sita, finya macho. Maneno yatayeyuka yabaki mabaka. Mwite mtu asiyesomea ubunifu, dada yako au jirani, umwonyeshe mraba mmoja mmoja na umuulize swali moja: "Hapa kinatokea nini?" Akikusomea neno tu, mraba haujafanya kazi. Akisema "hawa wamebanana" au "hiki kiko peke yake", endelea na unaofuata.

Hatua ya 7: Maelezo ya chini

Vyuo vingi hutaka aya fupi ya kueleza kazi. Iandike kwa pointi 9 au 10, ianzie kushoto, na upande wa kulia uuache ukiwa na mawimbi. Usinyooshe pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu, "yanayowatofautisha" ni neno moja, na kwenye safu nyembamba programu ikilazimisha mistari kulingana hutoboa mashimo katikati ya aya. Ukilazimika kukata neno, kata baada ya irabu, ya-na-yo-wa-to-fa-u-ti-sha, wala usitenganishe ng', ny, sh, mb na jamaa zake.

Andika ulichokiamua na sababu yake. "Nimetumia fonti nzuri na ya kisasa" haielezi chochote. "Nimeweka pointi 72 na 12 ili sauti ya konda imfunike abiria" inaeleza.

Hatua ya 8: Kuchapisha

Hifadhi kama PDF. Ukipeleka faili la Inkscape lenyewe steshenari, na kompyuta yao haina fonti yako, itabadilishiwa fonti bila wewe kuulizwa. Mwambie mhudumu achapishe saizi halisi, asilimia 100, asikubali mashine "ibane ienee", la sivyo pambizo zako za 23.5 zitakuwa zimekufa. Kama hawana mashine ya A3, ishushe yote hadi A4 kwa asilimia 71. Miraba itakuwa kama milimita 85, bado inasomeka, ila ile "siti moja" ya pointi 11 itakaribia 8, kwa hiyo ipandishe kidogo kabla.

Omba karatasi nzito kidogo, gramu 160 inatosha, na uangalie weusi wa "Twende" na "Nauli" kabla ya kulipa. Wino ukiisha kwenye mashine, herufi nene ndizo hutoa michirizi kwanza.