Slaidi ya makohozi: kupaka rangi, kusoma na kuanza dawa za TB

Slaidi nyingi za TB huharibika kabla rangi haijaguswa: mgonjwa ameleta mate badala ya makohozi. Mwambie asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndani kabisa mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani, akiwa nje penye upepo.

Kwa kijiti, chota sehemu nzito ya njano uisambaze kwenye slaidi mpya, sentimita 2 kwa 3. Slaidi iliyokwisha kutumika usiirudie hata ikioshwa. Vimelea vya mgonjwa wa jana hubaki. Ikikauka, ishike sentimita 4 juu ya gazeti: maandishi yakisomeka, unene unafaa. Nzito mno hubanduka wakati wa kuosha. Ndipo uipitishe juu ya mwali mara tatu.

Mwagia karboli fuksini, rangi nyekundu, iliyochujwa (isiyochujwa huacha chembe nyekundu zinazodanganya macho), pasha hadi ifuke mvuke bila kuchemka, acha dakika 10. Osha. Asidi-alkoholi ya asilimia 3, ya kuondoa wekundu, dakika 3, osha. Methilini bluu, dakika 1. Osha, isimamishe ikauke. Ukuta wa kimelea cha TB una nta, hivyo wekundu haumtoki. Vingine karibu vyote hugeuka bluu.

Soma kwa lenzi ya 100 ya hadubini, yenye mafuta. Tone lidondoke, ncha ya chupa ikigusa slaidi, inabeba vimelea hadi ya mgonjwa mwingine. Uga ni eneo unaloliona kwa mara moja kwenye lenzi. Vimelea 1–9 katika nyuga 100: andika idadi yenyewe. 10–99 katika nyuga 100 ni 1+. Kimoja hadi 10 kwa kila uga ni 2+, zaidi ya 10 ni 3+.

Kutoona kitu si kwamba TB haipo: hadubini huhitaji vimelea kama 5,000 au zaidi kwa mililita. Wala haionyeshi usugu wa dawa, kwa hiyo sampuli iende pia GeneXpert, mashine inayopima vinasaba vya TB.

TB ya mapafu isiyo sugu kwa mtu mzima: miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya mbili za kwanza, kila siku. Vidonge vya mchanganyiko hufuata uzito: kilo 40–54 ni 3 kwa siku, kilo 55–70 ni 4. Mkojo kuwa wa chungwa ni rifampisini tu, mwonye mapema asije akaacha dawa. Macho ya njano, au kuona kufifia, arudi kliniki siku hiyo hiyo.

Rudia slaidi mwisho wa mwezi wa pili wa dawa. Ikiwa bado chanya, huenda vimelea ni vifu, maana navyo hushika rangi; lakini hesabu vidonge vya mgonjwa na upime usugu kwanza.