Kupata kontra za informatiki kama unaishi mu gari, Lubumbashi mpaka Kolwezi

Wandugu, wengi wananiuliza juu ya hii maisha ya minibasi, kitanda nyuma, ordinateri mbele, leo Likasi kesho Kolwezi, na wanafikiri kitu kigumu ni kulala. Hapana, kigumu njo kazi. Kontra, mkataba wa kazi, inatafutwa ukiwa umetulia mjini, njiani unaenda kuifanya tu. Mtu anayetoka Lubumbashi bila hata kontra moja atamaliza mafuta mbele ya kupata mteja.

Anza na wale wanaokujua: depo la dawa, shule, mwenye malori ya Kasumbalesa, kule mpaka wa Zambia. Usiende kusema "natafuta kazi", nenda na kitu mkononi. Mwenye malori anaandika safari mu kaye, lori hii imetoka, ile iko kwenye mpaka, na jioni hajui ni ipi imekwama tangu lini. Mtengenezee tablo ndogo ya Excel, namba ya lori, dereva, siku ya kufika mpaka, na rangi nyekundu ikipita siku tatu, mwonyeshe kwa simu yake mwenyewe. Hapo mazungumzo ya bei inaanza bila wewe kuomba, na hiyo kazi unaweza kuiendelesha hata ukiwa Kolwezi.

Sasa migodi. Kila mtu anataka kuingia moja kwa moja kwa kampuni kubwa na anarudishwa kwenye geti. Tangu sheria ya 2017 kazi za sutretansi, zile kampuni inazitoa nje, ni za sosiete zenye mtaji wa Wakongomani kwa sehemu kubwa, na ARSP, ofisi ya serikali ya sutretansi, njo inasimamia. Kwa hiyo tafuta hizo sosiete za hapa kwetu, za ulinzi, za chakula, za transpo, maana nyingi hazina mtu wa informatiki wa kudumu na ripoti zinawasumbua kila mwisho wa mwezi. Lakini uwe na RCCM (namba ya kuandikishwa biashara), Id. Nat. (namba ya kitaifa ya biashara) na namba ya impo, ile ya kodi ya serikali, bila hizo komptable hata akikupenda hawezi kupitisha faktiri yako. Adresi unaweka lupango ya ndugu yako mjini, umwombe kwanza, sababu barua zitafika kwake.

Wateja wa nje nao ni wazuri kwa mtu wa njiani kama unachagua vizuri. Saa yetu na ya Bruseli ni moja wakati wa joto kwao, wakati wa baridi tunawatangulia saa moja tu. New York wakiingia ofisi asubuhi saa tatu, hapa ni saa tisa ao saa kumi mchana, basi kazi yao unaimaliza asubuhi wakilala. Chukua kazi inayolipwa kwa kipande kilichoisha: saiti, kusafisha data, kurekebisha kodi za programu. Kazi ya kujibu simu siku nzima ao mikutano ya video kila asubuhi uiache, hata kama bei ni tamu, kati ya Likasi na Kolwezi kuna sehemu mtandao unapotea kabisa. Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, inakusaidia sana hapo, unaandika na kuhifadhi bila mtandao, ukifika mjini unatuma yote. Uwe na kadi za Vodacom, Airtel na Orange zote tatu.

Umeme pia: batri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1200 (wati mara saa), lakini tumia nusu tu isikufe haraka. Ordinateri ya wati 50 inakupa kama saa 10, konvertiseri, ile ya kugeuza umeme wa batri kuwa wa nyumba, ikishakula yake. Mvua ikianza, Novemba mpaka Aprili, pano ya jua inaleta kidogo, basi usiahidi tarehe za kubana.

Malipo: omba avansi, wa hapa wanatuma kwa M-Pesa ao Airtel Money. Kwa jukwaa la nje, saiti ya kupatia kazi, angalia kwanza kama Kongo yetu iko kwenye orodha ya nchi zinazoweza kutoa pesa, mbele ya kugusa kazi.

Na mteja umwambie ukweli kwamba unatembea. Kila ukitaka kutoka mji, mtumie ujumbe: naondoka saa fulani, mpaka saa fulani sipatikani, kikiharibika kitu mpigie huyu, na huyo mtu awe anajua nywila iko wapi.