Jinsi ya kuanza kupiga jazz ukiwa na gitaa na simu tu

Jamani mimi jazz naipenda mno, na kila nikipiga hapa Shangani, Mtwara, vijana wananiuliza wataanzaje, haya ngoja niwaelekeze nilivyoanza mwenyewe.

Kwanza tuelewane, siongelei bendi zetu za Morogoro Jazz wala Dar es Salaam Jazz, wale jina jazz ila muziki wenyewe dansi na rumba, nimekua nao kwenye redio ya mjomba kule Mikindani na hadi leo nawasikiliza. Hii ninayosema ni ile ya watu weusi wa New Orleans, Marekani.

Ingia YouTube tafuta wimbo West End Blues, mpiga tarumbeta Louis Armstrong aliurekodi 1928 na kundi lake la Hot Five, na mtunzi wake ni Joe Oliver ambaye ndo alimlea Armstrong kimuziki. Gitaa usiliguse kwanza. Mwanzoni tarumbeta iko peke yake, mimi siku ya kwanza hapo tu machozi yalinilenga, rudia rudia mpaka uweze kuiimba kwa mdomo. Mbele klarineti inapiga halafu Armstrong anaitikia kwa sauti, bila maneno, sasa wewe uliyekulia huku kwetu kwenye ngoma za unyago, mmoja anaanzisha wenzake wanaitikia, hicho kitu unacho tayari, usikione kigeni.

Ukishaimba ndo shika gitaa. Bluzi, mtindo wa huo wimbo, ni mzunguko wa baa 12, kila baa mipigo 4: piga kodi (chord) ya A baa 4, D 2, A 2, E 1, D 1, malizia A 2. Zunguka hivyo hadi uache kuhesabu. Kazi kubwa iko mkono wa kulia, sema "moja-na mbili-na", hiyo moja uivute, na "na" iwe fupi, hapa nilisota miezi kibao maana mkono ulishazoea dansi.

Baadae rekodi huo mzunguko kwenye simu, ufungulie kwenye spika, upige solo juu yake kwa noti tatu tu, na usipige kitu ambacho hujakiimba kwanza.

Albamu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya 1959, iweke akiba. Mimi niliikimbilia mapema nikaona kama hawapigi kitu nikaiacha, nilivyoirudia baada ya kukaa sana na Armstrong ndo nikaanza kuzisikia zile nafasi anazoziacha kati ya noti.